Kumtafuta Wakili wa Mambo ya Familia

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Eldoret)



 Kwa kawaida mkiniita ni kuzungumza juu ya hesabu za kikundi au lishe ya watoto. Safari hii mmeniomba nizungumze juu ya wakili. Nilipopata barua yenu nilicheka kidogo, maana mimi si wakili. Nina diploma ya kazi za jamii, basi. Lakini nimekaa kwenye mabenchi ya korti na watu wengi, na nimeona mahali tunapoangukia. Kwa hiyo nitasema yale ya benchi. Ya sheria yenyewe kwa undani mtamwuliza mwenyewe mkishampata.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kikundi, sitataja jina wala kijiji chake, alifiwa na mumewe. Waliachiwa eka sita na nyumba ya mabati, hati ya shamba ikiwa kwa jina la marehemu. Matanga hayajapoa, shemeji zake wakaanza kutembea shambani wakipima kwa hatua. Mama akaja kwangu akilia. Nikamwambia, "Mama, tulia kwanza, ongea na wazee, msianze na mambo ya korti." Nilisema kwa nia njema kabisa. Miezi minane ikapita hivyo hivyo.

Baadaye kikundi chake kikamwonea huruma, wakatoa shilingi 30,000 kutoka kwa mfuko wa kikundi ili atafute wakili. Mimi siku hiyo nilikuwa na semina, sikuandamana naye. Alipofika mjini mtu akampokea kwa upole sana, akampeleka kwa bwana mmoja mwenye tai, meza na mashine ya kupiga chapa kwenye veranda. Yule bwana akapokea pesa yote, akaandika karatasi mbili, akagonga mhuri mkubwa mwekundu. Risiti hakutoa. Kila mama akirudi kuuliza, anaambiwa, "Faili iko kwa jaji, njoo mwezi ujao." Nauli inaisha, mahindi yanauzwa mabichi, na jaji haonekani.

Ulipopita mwaka na zaidi ndipo aliponiletea zile karatasi. Nikatafuta nambari ya kesi, juu, chini, nyuma. Hakuna. Tukaenda pamoja kwenye masijala ya korti, karani akatafuta kwa jina la marehemu. Faili ikapatikana! Lakini haikuwa yetu. Shemeji wawili ndio walioifungua, wakaapa kwamba ndugu yao hakuacha mke wala mtoto. Hati ya usimamizi ilikuwa imeshatolewa na kuthibitishwa, na eka mbili za upande wa barabara zilikuwa zimeuzwa.

Wakili wa kweli alipopatikana alipeleka ombi hati ile ifutwe, kwa sababu kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinaruhusu kufuta hati iliyopatikana kwa uongo au kwa kuficha jambo kubwa. Ilichukua karibu miaka mitatu. Mama alibaki na nyumba na eka nne. Zile mbili zilizouzwa bado zina kesi yake, na aliyenunua naye ana watoto na ana machozi yake. Ningeandamana naye mwezi wa kwanza kwenda kwenye masijala, labda haya yote yasingefika hapo. Hili sijalisahau, na ndiyo sababu nilikubali kuja leo.

Si kila jambo ni la wakili

Kabla hatujaingia mjini kutafuta, tuulizane: je, shida hii inahitaji wakili kweli? Kwa maana nimeona pia kikundi kinachanga pesa nyingi kwa jambo ambalo lingemalizwa na afisa wa watoto bila malipo yoyote.

Baba ameacha kutoa matunzo ya mtoto. Anza kwa afisa wa watoto, ofisi yake ni ya serikali. Atawaita wote wawili, waandikiane makubaliano. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe walioana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, imefuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo yule kijana anayesema "sikumwoa, mtoto si mzigo wangu" amepitwa na wakati. Akikataa kabisa, au akitoroka makubaliano, hapo mnakwenda korti ya watoto.

Mama anapigwa. Hapo usingoje wakili hata siku moja. Polisi, hospitali, na korti inaweza kutoa amri ya ulinzi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani. Kuna simu ya bure 1195 kwa mambo haya, na 116 kwa watoto. Waandikeni ukutani pale mnapofanyia mikutano.

Urithi ambao jamaa wote wanakubaliana, hakuna anayegomba, mnaweza kuufungulia wenyewe kile watu huita saksesheni. Korti haimlazimishi mtu kuwa na wakili. Mnahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, uchunguzi wa hati kutoka ofisi ya ardhi, fomu za korti na wadhamini. Tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali, watu wanapewa siku 30 za kupinga, na kwa kawaida kuthibitisha kugawana kunangoja miezi sita baada ya hati kutolewa. Tena si lazima iwe Mahakama Kuu. Tangu sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 2015, hakimu mkuu anaweza kusikiliza mali ya hadi shilingi milioni 20, na mashamba mengi yetu yako chini ya hapo. Iko pia ofisi ya Mdhamini wa Umma, chini ya Mwanasheria Mkuu, ambayo husimamia mali za marehemu, hasa mali ndogo.

Na wazee je? Wazee ni wazuri. Katiba yenyewe katika kifungu cha 159 inakubali njia zetu za jadi za kupatanisha. Lakini inasema pia zisivunje haki za mtu. Wazee wakikaa chini ya mti wakaamua kwamba mjane arudi kwao na mabinti wasipate kitu, uamuzi huo korti haiwezi kuubariki. Nawaombeni jambo moja tu: wazee wakikaa, mtu aandike, kila mmoja atie sahihi na tarehe. Karatasi hiyo itasaidia hata kama baadaye mtakwenda mbele.

Wakili unamhitaji bila kusita wakati upande mwingine una wakili, au karatasi za uongo zimetumika, au shamba limekwisha kuuzwa au linakaribia kuuzwa, au umeletewa samansi, au ndoa inavunjika na kuna mali. Hapo usijaribu peke yako, na usikae ukingoja kama nilivyomwambia yule mama angoje. Na kumbukeni, mtu akianza kuuza mali ya marehemu kabla ya hati, hilo lenyewe ni kosa la jinai. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kijana wako akiletewa eka ya bei rahisi na mtoto wa marehemu, mwambie aulize kwanza hati ya usimamizi iliyothibitishwa iko wapi.

Swali la dhambi

Kila nikizungumza habari hii mama mmoja hunivuta kando na kuniuliza, "Je, mimi Mkatoliki nikienda kwa wakili juu ya bwana yangu, nitanyimwa komunyo?" Nililiuliza mimi pia, zamani. Kwenda kwa wakili si dhambi. Kanisa linasema ndoa takatifu haivunjwi na korti ya serikali, hilo tunalijua. Lakini Katekisimu inakubali kwamba wakati mwingine hatua ya korti inaweza kuvumiliwa, kama ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki, malezi ya watoto au urithi. Kutengana kwa sababu ya hatari nako kunakubaliwa. Ongea na padre wako, mweleze yote, halafu nenda kwa wakili. Vyote viwili. Wengine huenda kwa padre wakitaka awe wakili, na kwa wakili wakitaka awe padre, na huko kote wanarudi na njaa.

Majirani zetu Waislamu wana korti ya Kadhi hapa Eldoret kwa mambo ya ndoa, talaka na urithi, pande zote zikiwa za dini hiyo. Mlio na wanakikundi Waislamu, msiwapeleke kwingine bila kuwauliza.

Utampata wapi

Ukitembea Uganda Road na Oloo Street utaona vibao vya mawakili hadi shingo iume. Kibao hakikuambii kama huyu anajua mambo ya familia. Wengine kazi yao ni ajali za magari, wengine ni mikataba ya benki. Wakili wa ajali si mtu mbaya, lakini usimpe kesi ya watoto wako ajifunzie.

Njia ninayoiamini ni ya mtu aliyekwisha kutembea nayo. Uliza kwenye jumuiya ndogondogo na kwenye vikundi vingine: nani alikuwa na kesi ya urithi au ya matunzo, nani alimsimamia, na je, alikuwa anapokea simu? Usiulize tu kama alishinda. Mtu anaweza kushindwa kesi akiwa na wakili mzuri. Pia unaweza kukaa siku moja korti wazi ukasikiliza. Kesi za watoto na nyingine za familia hufanywa faraghani, hutaingia, lakini kesi nyingine utaona mwenyewe nani amesoma faili yake na nani anaomba tarehe nyingine kila mara.

Kwa wasio na pesa kuna milango kadhaa. FIDA, shirika la mawakili wanawake lililoanza mwaka 1985, husaidia akina mama na watoto. Ofisi zake ziko Nairobi, Mombasa na Kisumu, na kwa sisi Kisumu ndiyo karibu zaidi. Kama hawawezi kukusimamia, hukufundisha namna ya kujisimamia mwenyewe mbele ya hakimu, na nimeona akina mama waliofundishwa hivyo wakisema vizuri kuliko mawakili wengine. Kituo cha Sheria, cha tangu 1973, nacho ni cha watu maskini. Serikali yenyewe ilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016, ikaanzisha huduma ya kitaifa. Ulizeni kwenye dawati la huduma pale korti namna ya kuomba. Hapa Eldoret tuna Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Moi, kule Annex. Na Tume ya Haki na Amani ya jimbo letu: isimalize kuzungumza habari za uchaguzi tu, waendeeni na haya pia.

Sasa mabroka. Jamani, hapa nikae kidogo. Nje ya korti yoyote katika nchi hii utakuta mtu anayekuuliza, "Mama, unatafuta nini?" Akijua umetoka reserve, umeshakuwa mahindi yake. Atakupeleka kwa "wakili" na kila mmoja atakula fungu lake. Mwaka 2023 taifa zima lilisikia habari ya kijana aliyedaiwa kusimama mahakamani kama wakili bila kuwa mmoja. Ikiwa huko Nairobi mambo hayo yanaweza kutokea, sembuse sisi na veranda zetu?

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mwambie wakili akupe jina lake kamili kama lilivyo kwenye orodha ya mawakili. Wakili huhitaji cheti cha kufanyia kazi, na cheti hicho ni cha mwaka mmoja mmoja. Chama cha Mawakili, LSK, kina orodha kwenye tovuti yake, na kijana yeyote wa kikundi mwenye simu anaweza kutafuta jina na kuona kama cheti cha mwaka huu kipo. Kazi ya dakika tano. LSK ina tawi lake la North Rift hapa kwetu pia. Akikasirika kwa sababu umemkagua, basi umeshapata jibu. Tena kuandaa karatasi za urithi kwa malipo ni kazi ambayo kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza mtu asiye wakili. Yule bwana wa veranda na mhuri wake mwekundu alikuwa anavunja sheria tangu herufi ya kwanza.

Siku ya kwanza ofisini

Nenda na mtu mmoja wa kikundi mwenye akili tulivu na anayejua kuandika. Si watu kumi. Mkienda kumi kila mmoja ana kesi yake.

Beba vitambulisho, cheti cha kifo kama kuna kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, nakala ya hati ya shamba, barua zozote. Nenda na nakala, na ukiacha hati yenyewe uandikiwe kwamba umeiacha. Kuna waliochomewa nyumba mwaka 2008 na makaratasi yote yakaungua. Hao wasikate tamaa. Daftari la ndoa la parokia na la ubatizo bado linasema. Kwa waliooana kwa mila, leteni picha za siku ya mahari, majina ya wazee waliokuwepo, na ile karatasi ya mazishi yenye historia ya marehemu. Msicheke! Kile kijikaratasi kinaandikwa na jamaa wenyewe, na kama kimeandika "ameacha mjane fulani na watoto wanne", shemeji ataeleza nini baadaye? Tangu sheria ya ndoa ya mwaka 2014 ndoa za mila nazo zinatakiwa kuandikishwa. Ambao mko hai nyote wawili, andikisheni.

Mweleze wakili ukweli wote, hata ule wa aibu. Mke wa pili aliyeko Kitale, mtoto wa nje, deni la benki. Anayoambiwa na mteja wake ni siri yake. Ukimficha, atayasikia kutoka kwa wakili mwingine mbele ya jaji, na hapo hana la kusema.

Halafu umwulize nawe. Kesi yangu itafunguliwa korti gani? Ni wewe utakayesimama au utatuma kijana? Je, umewahi kumsimamia shemeji yangu au mtu wa upande ule? Wakili mmoja hawezi kuwasimamia wanaogombana wote wawili. Je, inaweza kwenda kwa upatanisho? Kuna upatanisho ulio chini ya korti, ulioanza Nairobi mwaka 2016 na baadaye ukafika hapa Eldoret. Mpatanishi halipwi na ninyi, na mkikubaliana, makubaliano yanakuwa amri ya korti. Wakili asiyetaka hata kusikia neno upatanisho katika ugomvi wa ndugu wa tumbo moja, mimi humwogopa.

Nina vipimo vyangu viwili, msiwaambie mawakili kwamba nimewapa. Kwa urithi, mwulize juu ya kesi ya Rono. Ni ya hapa hapa kwetu. Shamba la eka 192, nyumba mbili, na Mahakama Kuu ilikuwa imewapa mabinti sehemu ndogo sana kuliko wavulana, kwa hoja ya kwamba mabinti wataolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikasema binti ni mtoto kama mwingine. Na hiyo ilikuwa kabla ya Katiba mpya. Wakili wa familia wa Eldoret asiyeijua kesi hiyo, au anayekwambia "lakini kwa Wakalenjin binti harithi", msalimie utoke.

Kwa mali ya mke na mume, msikilize kama anakuahidi nusu kwa nusu kabla hajakuuliza ulifanya nini katika ile ndoa. Mahakama ya Juu Kabisa ilisema Januari 2023 kwamba nusu si ya moja kwa moja. Kila mmoja anapata kulingana na mchango wake. Na mchango chini ya sheria ya 2013 si pesa tu. Kulea watoto, kupika, kulima, kusimamia duka la familia, yote yanahesabiwa. Wakili mzuri atakuuliza: nani alikuwa anakamua ng'ombe? Nani alilipa karo mwaka ule? Andikeni hayo mapema, akina mama, yanasahaulika.

Pesa

Hapa ndipo urafiki huharibika. Kuna mifuko mitatu tofauti: malipo ya korti, ada ya wakili, na gharama nyingine kama uchunguzi wa hati, nauli, mpima ardhi. Mwulize kila mfuko peke yake. Malipo ya korti yana risiti ya serikali, na tangu Machi 2024 kesi zinafunguliwa kwa mtandao nchi nzima, kwa hiyo nambari ya kesi inatoka bila kungoja miezi. Mkiambiwa "nambari bado" baada ya wiki kadhaa, ulizeni sana.

Ada ya wakili ina kanuni zake zilizoandikwa, zenye kiwango cha chini. Kwa hiyo anayekuitia bei ya mboga, jiulize anaacha nini. Wakili anaweza kukusaidia bure kwa huruma, lakini akisema bure aiandike bure. Ombeni barua ya makubaliano: kazi gani, ada kiasi gani, italipwa kwa mafungu gani, na kama kesi ikikatiwa rufani je. Mwombe aieleze kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, au kwa lugha ya mama kama anaijua. Wengi hukubali kulipwa kidogokidogo, ukisema mapema.

Na hili mlisikie vizuri, maana liko sana huku kwetu: "Mama, usinipe pesa, nikishinda utanipa eka mbili." Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinasema makubaliano ya namna hiyo, ya kulipwa tu ukishinda au ya wakili kununua fungu katika kesi yako, hayana nguvu. Mtu anayekutolea masharti hayo ni wakili anayevunja sheria yake mwenyewe au si wakili.

Kwa waweka hazina: kikundi kikichangia kesi ya mwenzenu, hundi au M-Pesa iende kwa ofisi ya wakili, na risiti irudi kwenye faili ya kikundi. Amueni pia kabla, ni mkopo au ni msaada? Kikundi kimoja nakijua kilivunjika, si kwa sababu ya kesi, ila kwa sababu nusu waliamini ni mkopo. Pesa nyingine ambazo wakili anazipokea kwa niaba yako, kama pesa za shamba lililouzwa, hukaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na zake. Una haki ya kuuliza hesabu yake.

Akikuangusha

Andika tarehe zote za korti mwenyewe, kwenye daftari, na uende kila mara hata ukiambiwa si lazima. Mteja anayeonekana hasahauliki. Kama simu haishikwi, andika barua, peleka, gongewa mhuri kwenye nakala yako. Unaweza kumbadilisha wakili. Ni haki yako. Ila lipa alichokwisha kufanya, maana anaweza kuzuia faili yako mpaka alipwe, na kama hukumu imeshatoka unahitaji ruhusa ya korti au maelewano na yule wa kwanza. Bei ikibishaniwa, msajili wa korti anaweza kuikagua na kuipunguza.

Amekula pesa, ameficha faili, amekuuza kwa upande mwingine? Iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Huhitaji wakili mwingine kuiandikia. Ikiona kosa ni kubwa hupeleka jambo kwenye baraza la nidhamu, na huko wakili anaweza kutozwa faini, kusimamishwa, hata jina lake kufutwa kwenye orodha. Lakini tume hiyo ni ya mawakili. Kwa yule wa veranda, ambaye hakuwa wakili, tulikwenda polisi, na hadi leo pesa ya kikundi haijarudi.

Mama mwenyekiti ananionyesha saa, na naona sufuria ya chai imeshafunuliwa. Wale walionidokezea asubuhi juu ya faili zao, nitakuwa kwenye chumba cha katekista baada ya chai. Njooni na karatasi mlizo nazo, hata zilizokunjika. Mama wa Ziwa mwenye ile barua ya korti ya tarehe kumi na nne, wewe uwe wa kwanza, siku zako ni chache.